Mkebe Uliozikwa Pamoja na Kiko

Walikuwa wameshapita Rongo, wakielekea hospitali ya Homa Bay, Ratemo akikanyaga baiskeli kwa nguvu zote. Dada yake Nyamoita, nyuma kwenye keria, alitetemeka mpaka baiskeli ikayumba.

"Tulia, dada, utatuangusha mtaroni."

"Nitulie na nini? Hata hii miguu leo si yangu."

Mtoto wa Nyamoita alifariki mwaka wa sitini na sita. Tangu hapo alilala kwa vidonge vya kutuliza alivyoandikiwa hospitali hiyo ya Homa Bay. Kisha akajiunga na Wasabato pale Migori. Wiki moja kabla ya ubatizo, Mzee Machuki wa kanisa alichimba shimo: kila mmoja azike kinachomfunga. Masese, jirani wa Nyamoita, alizika kiko huku akikililia kama maiti. Wengine wakazika ugoro. Nyamoita, akiona haya kubaki na chake, akatupia mkebe wa vidonge.

Siku ya pili usingizi ukamkimbia. Ya tatu, mtetemeko. Ya nne akaanguka kifafa uani, watu wakasema ana pepo, na Machuki akatamka kwamba mwenye pepo habatizwi. Hilo ndilo lililomkata maini. Aliamini kabisa kuwa bila maji yale hatamwona mwanawe tena.

Muuza duka mmoja sokoni alimnong'oneza kuwa anavyo vidonge kama vile, na anauza bila cheti cha daktari. Ratemo akamvuta mkono. "Huyo akishikwa anafungwa. Na unajua anauza nini?"

Homa Bay, daktari aligonga meza. "Mama, nani alikwambia uache ghafla? Mwili umevizoea. Vinapunguzwa kidogo kidogo, la sivyo kifafa kitakuua. Na usivichanganye na pombe."

"Pombe sinywi. Niandikie barua, mzee ajue si pepo."

"Mimi si mchungaji."

"Mhuri unao?"

"Ninao."

"Basi piga."

Waliporudi walikuta matanga. Masese alikuwa amefukua kiko chake, akauona mkebe, akameza vidonge kiganja kizima na chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Hakuamka. Machuki aliisoma barua ya daktari kaburini, mara mbili, akakiri kwamba Nyamoita hakuwa na pepo.

Nyamoita alipunguziwa vidonge kwa miezi mitatu, akabatizwa mwezi wa Agosti. Muuza duka alikamatwa na vidonge vyake, akafungwa miezi sita. Machuki alilijaza shimo mawe, na hakuchimba lingine. Ratemo aliuza baiskeli, akahamia Kehancha kulima tumbaku.