Chungu Kilicholala Kifudifudi

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba saa ya kutetea tasnifu yangu imefika, nami nimesimama mbele ya jopo nimevaa koti la suti juu na msuli chini. Hakuna aliyeshangaa. Mimi mwenyewe sikushangaa, kwa kuwa akili yangu ilikuwa imeshughulika na kutafuta chaki.

Tasnifu hiyo niliiandika kwa Kiswahili, ya kwanza katika idara yetu, baada ya kutamba mbele za watu kwamba lugha yetu inaweza kuibeba fizikia ya kwanta pamoja na entropia yake. Wenzangu walicheka. Nikianguka, nitaiandika upya kwa Kiingereza huku wakinitazama, na hilo naliogopa kuliko kaburi.

Basi, viti vya ukumbi vimepangwa mraba. Mwenyekiti wa jopo ni chungu cheusi cha kupikia, kimevaa miwani. Kando yake ameketi Profesa Kapinga, msimamizi wangu, anachambua mchele kwenye ungo.

"Kwanza tuhesabu waliohudhuria," kinasema chungu. Kinahesabu kwa mshazari, kutoka pembe ya mbele hadi pembe ya nyuma ya upande wa pili, kinaishia hapo.

"Na sisi wengine?" anauliza mama mmoja.

"Huu mraba ni matriksi, mama, safu za namba. Jumla yake huchukuliwa kwenye ulalo, pembe kwa pembe. Nyinyi mmekaa."

Watu wanatazamana, kisha wanashuka sakafuni mmoja mmoja na kulala, ili nao wahesabiwe. Mimi pia nalala. Ingekuwa aibu kukosekana katika utetezi wangu mwenyewe.

"Mtahiniwa, entropia ni nini?"

"Ni kipimo cha vurugu, mheshimiwa chungu."

"Ina umbo gani?"

"Mbinuko," najibu kwa madaha, huku nimelala chali. Mchoro wake hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Kitu kilichotuna hivyo, kwa Mswahili yeyote aliyenyonya ziwa la mama, kimebinuka. Neno hilo nimelipanda katika kila sura.

Profesa Kapinga anaacha mchele. "Mwanangu," ananiambia taratibu, "mimi nilikusomea tasnifu usiku huku nasinzia. Wewe ulisinzia saa ngapi?"

Kabla sijajibu, ukumbi umekuwa jiko la shughuli, moshi umetanda. Mbele yangu kuna vyungu viwili. Mwenyekiti ananiamuru nitie mkono katika cha kwanza. Natoa mahindi. Narudia, mahindi tena. Katika cha pili natoa maharage, na maharage tena.

"Kuna vurugu humo?"

"Hakuna, mheshimiwa. Kila chungu kinajijua."

"Changanya."

Nachanganya. Sasa natia mkono bila kujua utatoka na nini.

"Makande," nasema.

"Hiyo ndiyo vurugu. Ukichanganya, haishuki kamwe chini ya wastani wa vurugu ya vile vyungu viwili. Sasa chora."

Nachora ukutani kwa mkaa. Mwenyekiti anachukua uzi, anaufunga mwanzo wa mchoro na mwisho wake, anaukaza.

"Uzi umepita wapi?"

"Chini ya mgongo wa mchoro."

"Kwa hiyo ni umbo gani?"

"Mbinuko. Naliona kwa macho yangu."

"Unaona kwa juu, kama kunguru. Wenye hesabu husimama huku chini, ulipo uzi."

Namwambia kwamba huku chini sijawahi kufika. Chungu kinavua miwani, kinampa Profesa aishike, kinajifudikiza kichwani mwangu hadi kwenye nyusi.

Giza. Napapasa juu kwa vidole. Huku ndani hakuna mgongo wala kilima, kuna shimo tu, limeingia juu kwa upole. Nilione vipi tena kwamba limebinuka? Nasikia haya hadi masikioni, na ndani ya haya hiyo nasikia furaha ambayo sijaipata tangu nianze kusoma.

"Mbonyeo," nasema. Sauti inazunguka humo ndani na kunirudia.

"Na wewe uliandika?"

"Mbinuko. Kitabu kizima."

"Pole sana," kinasema chungu, na ninaamini kilimaanisha.

Nikaamka. Mke wangu Zawena alikuwa amesimama kando ya kitanda, suti yangu mkononi, jua limeshaingia dirishani.

"Baba Tunu, amka. Jopo halitakusubiri." Kisha akaniinamia, akalowesha ncha ya kanga kwa ulimi, akanisugua juu ya nyusi. Akaitazama ile kanga. "Masizi haya umeyatoa wapi?"

Nilikuwa nimeshavuta kompyuta mapajani, nafuta mbinuko wa kwanza.

"Nakuuliza wewe," akasema Zawena. "Sisi tunapikia gesi."