Nakala Mbili za Suluhu

Mjomba Burhani alinipigia simu Jumamosi asubuhi akasema ana karatasi ya kutafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kichina, ukurasa mmoja tu, na kwamba chai ingekuwa tayari. Sikuuliza ni karatasi ya nini. Yeye ni ndugu wa mama yangu na mwenyekiti wa kikundi cha wafanyabiashara wa Kitanzania wa mtaa wa Sanyuanli. Katika miaka mitatu ya masomo yangu ya udaktari wa sheria hapa Guangzhou nimemtafsiria mikataba isiyopungua arobaini: viatu, vigae, vipuri vya pikipiki. Nilipanda metro nikafika saa nne na robo.

Ofisi yake iko ghorofa ya sita ya jengo la maduka ya jumla. Siku hiyo mafurushi yalikuwa yamesukumwa ukutani na mkeka umetandikwa katikati. Nilikuta watu wanne. Mjomba mwenyewe; Kasmir, wakala wa mizigo mwenye miaka thelathini na minane, ambaye ofisi yake iko ghorofa moja chini; Bi Mwanahija, muuza mapazia kutoka Dar es Salaam, ambaye wanawake wote wa kikundi humwita mama; na pembeni yake Swalha, msichana wa Unguja wa miaka ishirini na minne, aliyekuwa akifanya kazi kwa Kasmir ya kupokea na kukagua mizigo. Swalha alikuwa amevaa barakoa. Nilidhani ana mafua.

Kasmir alinikaribisha kwa utani wake wa siku zote, kwamba daktari wetu amefika, yule asiyejua hata kuchoma sindano. Mjomba alinipa karatasi na kikombe kwa pamoja.

Juu iliandikwa "Makubaliano ya Suluhu" kwa mwandiko wa Mjomba, ambao ni mzuri na hauna haraka. Kipengele cha kwanza kilisema: "Mimi Kasmir nakiri kwamba jioni ya tarehe kumi na mbili, wafanyakazi wengine walipokwisha kuondoka, nilifunga mlango wa ofisi yangu nikamwingilia Swalha kwa nguvu, naye akikataa. Nimekosa na ninaomba radhi." Cha pili kilisema kwamba Kasmir atamkatia Swalha tiketi ya kurudi nyumbani na kumpa kitu cha kumfuta machozi. Cha tatu kilisema kwamba Swalha atakwenda polisi kueleza kuwa maneno aliyoyasema mwanzo hayakuwa kweli, na kesi itafungwa. Chini, kando ya jina la Kasmir, palikuwa na alama nyekundu ya kidole gumba, bado mbichi. Kando ya jina la Swalha palikuwa patupu.

Nilikisoma kipengele cha kwanza mara tatu. Kichina chake kilikuwa kimekwisha kujipanga kichwani, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa, na ndipo nikaweka kikombe chini.

Niliuliza maswali matatu na nikajibiwa yote bila kificho. Swalha alikwenda polisi peke yake tarehe kumi na sita, siku nne baada ya tukio, nguo akiwa amekwisha kuzifua. Polisi walimhoji Kasmir. Akakana, akasema walikuwa wapenzi. Kamera ya ukumbini ilimwonyesha Swalha akiingia na, dakika arobaini baadaye, akitoka. Ndani ya ofisi hakuna kamera. Kasmir aliachiwa kwa dhamana, pasipoti yake ikabaki polisi, na uchunguzi ukaendelea. Kikundi kilikutana mara mbili. Katika kikao cha kwanza, tarehe kumi na saba, Kasmir alikiri mbele ya wazee. Leo ilikuwa tarehe ishirini na sita.

Mjomba aliyaeleza haya kama anavyoeleza kontena lililokwama bandarini: tatizo liko hapa, limesababishwa na hili, litatoka kwa njia hii.

Yaliyofanywa na Kasmir hayakunishtua kama nilivyotarajia. Nasoma majalada ya kesi kama hizi kila wiki, na najua ni mara ngapi mtendaji huwa mtu anayefahamika, mwenye utani na watu. Kilichonishtua ni hesabu ya siku. Jumapili iliyopita nilikula na Mjomba kwenye mkahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu. Alinimenyea chungwa, akaniuliza utafiti umefika wapi. Wakati ule alikuwa na siku tatu tangu asikie kwa masikio yake kwamba Swalha alibakwa.

Nikauliza kwa nini Kasmir ametia kidole kabla ya karatasi kutafsiriwa. Mjomba akashangaa kwamba naweza kuuliza hilo. Katika suluhu zetu aliyekosa ndiye anayeanza. Asipokiri mbele za watu, aliyekosewa haombwi chochote. Na kidole chekundu ni somo la sokoni: hapa unaweza kuwa na maneno matamu kiasi gani, kama karatasi haina kidole utaambiwa meiyou, hakuna, nenda zako. Somo jingine la sokoni ni kwamba mtu haondoki mezani bila nakala yake. Kwa hiyo walikuwa wameandika mbili, na Kasmir ametia kidole kwenye zote mbili. Moja nilikuwa nimeishika mimi. Ya pili ilikuwa mapajani mwa Swalha.

Bi Mwanahija alifungua kifuniko cha wino. Alimwambia Swalha kwa sauti ya chini kwamba amalize, arudi kwao, kule hakuna atakayejua, na ana umri wa kuanza upya. Hakusema kwa ukali. Nadhani alikuwa amekwisha kuyasema mara nyingi.

Swalha alivua barakoa. Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na kovu changa lenye urefu wa ukucha.

"Dada Dalila," alisema, "wewe umeyasomea haya. Nikitia kidole, kesi inakwisha?"

Nilikuwa nimeitwa kutafsiri. Lakini mtu aliye karibu kutia sahihi alikuwa ameniuliza swali la sheria, na jibu nilikuwa nalo.

"Haiishi," nilisema.

Niliwaeleza kwa mpangilio niutumiao darasani, kwa kuwa sikuwa na mwingine. Ubakaji katika nchi hii si ugomvi wa watu wawili. Anayeshtaki ni dola, na mlalamikaji hawezi kuiondoa kesi kwa kutaka kwake. Kwa hiyo kipengele cha tatu hakifungi chochote. Kinafanya jambo jingine. Swalha akienda kusema kwamba alidanganya, anaweza kushtakiwa yeye kwa kumsingizia mtu kosa, na kifungo chake hufika miaka mitatu. Anayemshawishi shahidi kwa malipo abadili maelezo naye ana kifungu chake, na adhabu ya kawaida hufika hapo hapo. Hapo nilitazama mwandiko. Kisha nikarudi juu ya ukurasa. Kosa lililoelezwa katika kipengele cha kwanza lina kifungo cha kuanzia miaka mitatu hadi kumi, na zaidi ya hapo likiwa na mazingira mazito. Mgeni akimaliza kifungo anaweza kufukuzwa nchini.

"Miaka kumi ya nani?" Kasmir aliuliza.

"Ya aliyetia kidole."

Birika lilijizima. Mjomba alitua kikombe chake nje ya kisahani, juu ya mkeka, bila kuona.

Kasmir alianza kwa upole. Alisema yale yalikuwa maneno ya suluhu, si ya polisi. Mtu husema chochote ili watu watulie, na kila aliyeko pale anajua. Akaomba karatasi zote mbili zirudi. Mjomba akaafiki. Zichanwe, akasema, iandikwe nyingine yenye neno kutoelewana, bila kukiri, bila mambo ya mlango. Akanigeukia.

"Wewe ni mwanangu. Tuandikie inayofaa."

Nilimjibu kwamba nikiiandika nitakuwa ndani ya kifungu kile kile nilichomsomea yeye. Nikampa karatasi niliyokuwa nayo, maana ilikuwa yake. Kisha nikamwambia Kasmir kilicho chake kisheria, kwa sababu nacho ni kweli. Ana haki ya wakili, na alikuwa nayo tangu alipohojiwa mara ya kwanza. Wakili anaweza kudai kwamba maneno haya yalitolewa kwa shinikizo la kikao. Mahakama haimtii mtu hatiani kwa kukiri kwake peke yake, pasipo ushahidi mwingine. Akiamua kukiri mbele ya polisi na kukubali adhabu, adhabu inaweza kupunguzwa. Fidia inaweza kuhesabiwa, na msamaha wa Swalha pia, ukitoka moyoni mwake.

"Hayo ni yako," nilimwambia. "Nakala ya Swalha si yako."

Swalha alikuwa ameikunja mara nne. Aliitia ndani ya mkoba, akavuta zipu, akasimama. Kasmir alisimama pia, na kwa kuwa alikuwa karibu zaidi alifika mlangoni wa kwanza. Akaegemeza mgongo. Hakuwa tena na upole. Alisema hakuna atakayetoka na karatasi ile, na kwamba sisi wanawake wawili hatujui tunachokivunja: jina la kikundi, biashara za watu, jina la mjomba wangu mwenyewe. Mjomba alikuwa anatazama mkeka.

Bi Mwanahija ndiye aliyenyanyuka. Huwa anaumwa magoti, kwa hiyo ilimchukua muda, na sote tulimsubiri. Alikwenda kusimama mbele ya Kasmir, kidole chake cha shahada kikiwa na wino wa kile kifuniko.

"Nilimwambia atie kidole ili apone," alisema. "Hukuniambia kuwa ni ili afungwe yeye. Toka mlangoni, Kasmir. Mlango mmoja ulishaufunga, unatosha."

Hakumgusa. Kasmir alimtazama Mjomba asaidiwe, hakusaidiwa, akasogea.

Kituo cha polisi kiko mwendo wa dakika kumi na mbili. Njiani Swalha aliniuliza jambo moja, kama karatasi inatosha. Nilimwambia peke yake haitoshi, na sheria inasema hivyo waziwazi. Pamoja na kamera, kovu na maelezo yake ya tarehe kumi na sita, inaweza kutosha. Sikumwahidi zaidi ya hapo. Akaitikia kwa kichwa, akashika mkoba kwa mikono miwili.

Afisa wa zamu alikuwa mwanamke wa umri wangu. Aliifunua karatasi kwenye meza, akaipiga picha pande zote mbili, akauliza kidole ni cha nani. Swalha akamtajia Kasmir, kwa Kichina chake cha bohari. Afisa akaonyesha pale patupu.

"Hapa?"

"Hapo pangu," Swalha alisema. "Sikutia."

Afisa aliitia karatasi kwenye mfuko wa plastiki, akapiga simu, na askari wawili wakatoka kuelekea jengo la Mjomba. Aliniomba nitafsiri maelezo mapya. Nilikataa, nikamweleza kwamba nina undugu na mmoja wa wahusika na kwamba mkalimani lazima awe mtu baki. Ilituchukua saa moja na dakika ishirini kumpata. Simu yangu ilitetemeka mkobani mara saba, sikuitazama.

Mkalimani alipofika Swalha aliingia ndani, na mlango ukaachwa wazi kidogo, kama alivyoomba. Afisa alirudi mezani na fomu nyingine, akaniambia niketi, sasa nahojiwa mimi kama shahidi. Alitaka kujua aliyekuwapo, aliyesema nini, saa ngapi. Nilijibu. Kisha akaugeuza ule mfuko wa plastiki uniangalie, akaweka kalamu juu ya mistari ile mizuri isiyo na haraka, akaniuliza imeandikwa na nani.

Nilimtajia jina la mjomba wangu. Hakuweza kuliandika, kwa hiyo nilimwandikia mwenyewe kwa herufi za Kichina, kama lilivyo kwenye muhuri wake wa biashara. Nilizijua bila kufikiri. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mimi ndiye niliyemchagulia.