Ndama Anyonye Kwanza

Hadithi za Babu Kasimiri tulilishwa pamoja na uji. Jinsi alivyotoka Masasi kijana mbichi, akaajiriwa kwenye ranchi iliyokuwa ndiyo kwanza inafunguliwa katika mbuga za Mkata, nyasi zinamfika kifuani, simba wananguruma nje ya boma la miiba. Na jinsi alivyokuwa hodari wa kukamua kuliko wote. Mie nilizipenda, hata zile zilizokuwa zinarefuka kila Pasaka.

Ndipo shangazi Editha akamnunulia ng'ombe. Ng'ombe akashushwa pamoja na ndama wake nyumbani Kinyerezi, ukoo mzima tukiwa uani na simu mkononi. Babu akavaa kofia, akaagiza ndama afungwe mbali asije akamaliza maziwa, akaketi na ndoo.

Halikutoka hata tone. Babu alivuta, akabembeleza, akafoka. Ng'ombe akaipiga ndoo teke.

"Babu, au kule ulikuwaga mpishi?" akasema binamu yangu Gervas.

Watu wakacheka. Babu akaiokota ndoo, nami nikatamani kumzaba Gervas kofi.

Bibi Tekla akatoka jikoni akijifuta mikono kwa khanga. "Mfungueni ndama. Lazima anyonye kwanza, ndipo mama yake aachie maziwa. Mzee alikuwa anawapima tu kama mnajua. Kumbe hamjui kitu nyie."

Ndama akanyonya kidogo, Bibi akamvuta pembeni, akaimba polepole huku akimpapasa ng'ombe mgongoni. Babu akavuta tena. Ndoo ikajaa povu, na Gervas akaomba radhi.

Nikamfuata Bibi jikoni. "Hivi Babu alikamuaga kweli?"

"Babu yako alikuwa wa fensi, mjukuu wangu. Anachimba mashimo, anavuta waya. Mkamuaji nilikuwa mie. Yeye alikuwa anakuja asubuhi kunibebea ndoo."

"Na umemwachia miaka yote hii?" Nilikasirika kwa niaba yake.

"Mie kuhadithia siwezi. Angenyamaza yeye, nyie mngeijua Mkata?"

Jioni tulikunywa chai ya maziwa, nzito na tamu. Babu akaanza tena: nyasi, simba, boma la miiba. Alipofika kwenye kukamua akamtazama Bibi, kisha akamsogezea kiti.

"Hapa endelea wewe, Tekla. Aliyekuwa anakamua ni wewe."

Bibi akaketi, akakohoa kidogo. Ng'ombe wake wa kwanza, akasema, aliitwa Sijali, na alikuwa mkorofi.