Chombo na Vyombo

Mama mkwe haamini kwamba kukaa mbele ya kompyuta ni kazi. Nikimwambia najenga chombo, ananijibu, "Vyombo viko jikoni." Nimezoea, lakini kuzoea si kupenda.

Chombo changu ni cha kwenda kwenye nyota, na kimo ndani ya kompyuta tu. Nimekichonga miaka mitatu, baina ya sufuria na sufuria, dirisha baada ya dirisha, mpaka madirisha yake yakafika mia nne.

Leo alikuja na kitambaa begani, akainamia skrini, akauliza kama kina jiko. Roho yangu ikawa kwatu kwa furaha. Nikamfungulia sitaha ya chini, nikamwonyesha makabati na sinki.

"Na huyu?" Akagusa kisanamu cha kijivu.

"Huyo ni wa kupimia ukubwa, mama. Bila mtu huwezi kujua mlango una urefu gani."

"Wenzake wako wapi?"

"Yuko peke yake."

Akanikabidhi kitambaa. "Basi ndiye anayeosha vyote."

Nikamtazama upya yule wa kijivu. Katika chombo kizima, mtu wangu mmoja nilikuwa nimemsimamisha kwenye sinki, na madirisha yote mia nne kayapa mgongo.