Tumbo la Madam

Helen alikuwa akimkamua ng'ombe wake asubuhi, paji la uso ameliegemeza ubavuni kama alivyozoea, alipoona mfuko wa mkate ndani ya ng'ombe. Ulikuwa mfuko wa bluu, umekunjamana karibu na mbavu. Maziwa yalikuwa bado yanashuka, kwa hiyo hakuinuka. Alikamua mpaka maziwa yakaisha, akafunika ndoo, akaisogeza mbali na teke, ndipo akamwita mumewe.

Gisiri alikuja na mswaki mdomoni. Ngozi ya ng'ombe upande wa kushoto ilikuwa imegeuka angavu, sehemu yenye ukubwa wa sinia hivi, kama kioo cha dirisha kilichofutwa vizuri. Ukiigusa, manyoya yalikuwepo, ila hayakuonekana. Ndani kulikuwa na nyasi, ule mfuko, na nyuma yake chupa ya soda iliyobonyea.

"Hiyo mkate si ya hapa," Gisiri alisema. "Ni ile inatoka Isebania."

"Kuna chupa pia, Baba Gati."

"Naona." Alitema povu pembeni. "Jana alikula?"

"Kidogo tu. Nyingine aliacha."

Walimwita ng'ombe huyo Madam, kwa sababu tangu akiwa mtamba alitembea polepole na shingo juu kama mwalimu mkuu anayekagua madarasa. Ndiye ng'ombe pekee waliyebaki naye. Maziwa yake yalienda kwenye hoteli za Kirumwa, mji mdogo upande wa Migori unaokaribia mpaka wa Tanzania, na karo ya Gati, binti yao, ilitoka humo.

Kufikia mwisho wa juma mwanga ulikuwa umeenea tumbo zima na kupanda hadi shingoni. Majirani walikuja, wakatazama, wakanunua maziwa, wakaenda zao. Maziwa yalikuwa meupe kama siku zote. Mwalimu wa sayansi alileta darasa lake, akawaonyesha wanafunzi tumbo la kwanza na la pili kwa fimbo, akashukuru, akawapanga mstari wakarudi shuleni. Madam alipocheua, watoto waliona donge la nyasi likipanda kooni pamoja na kipande cha kamba ya manila, likatafunwa, likashuka tena.

Hakuna aliyeuliza vitu hivyo vilitoka wapi. Kila mtu Kirumwa alikuwa anajua. Lori la mji lilikuwa likimwaga taka kwenye uwanja wa chini, kando ya kijito, mahali ambapo ng'ombe wote wa mji walilishwa tangu zamani kwa kuwa malisho mengine yalikuwa yamekatwa ploti. Nyasi bado ziliota humo, katikati ya chupa na mifuko. Ng'ombe hawakuchagua.

Daktari wa mifugo aliitwa Orina. Alikuja na pikipiki, akavua helmeti, akachuchumaa mbele ya tumbo la Madam kwa muda mrefu. Vifaa vyake vya kusikilizia hakuvitoa.

"Nafasi ya nyasi imebaki kama kiganja," alisema. "Naweza kupasua nikatoe hizi vitu zote. Hiyo si shida, hata naona mahali pa kupitisha kisu. Shida ni moja tu, Mama Gati. Nikimshona, utampeleka wapi akale?"

Helen alitazama uwanja wa chini. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka huko.

"Ng'ombe ya jirani yako nilipasua mwaka jana," Orina akasema. "Ikarudi pale pale. Unajua iko wapi sasa."

Helen alijua. Walikuwa wamealikwa kuila, wakaona aibu kukataa.

Gisiri alikuwa na mpango wake. Bila kumwambia mkewe alimleta Nyangau, mwenye bucha, wakati Helen yuko sokoni. Nyangau alimzunguka Madam mara kadhaa. Akaweka mkono kwenye paja, akaona vidole vyake mwenyewe upande wa pili.

"Hapa hata nyama imeangaza," alisema.

"Lakini nyama iko. Shika."

"Nashika. Lakini mtu akikuja kwa bucha anataka kuona. Nitaning'iniza nini kwa dirisha, Gisiri? Watu watasema napima hewa."

Helen aliporudi alikuta alama za viatu vya mwenye bucha kwenye matope, akaelewa. Alipika ugali, akauweka mezani, ndipo akasema.

"Ulitaka kumuuza."

"Nilitaka tupate kitu kabla hajaanguka," Gisiri alisema. "Ningeenda wapi kununua ingine, Mama Gati? Mimi nimeshindwa kumtazama. Kila nikipita naona anavyojaa. Ni kama mtu ananionyesha deni la mwingine, ananiambia lipa."

Helen alimwongezea mboga. Hakumkasirikia tena baada ya hapo.

Aliyebadilisha mambo alikuwa Valary, mke wa kaka yake Helen, aliyekuwa na karakana Homa Bay. Valary na wanawake wenzake waliokota plastiki ufuoni mwa ziwa, wakaiosha, wakaisaga na kuiyeyusha, wakatengeneza nguzo za ua. Nguzo hizo hazikuliwa na mchwa na watu walizipenda hata kisiwani Rusinga. Helen alimpigia simu kumweleza habari za Madam.

"Yawa, wifi," Valary alishangaa kwa Kijaluo. "Hiyo ng'ombe imebeba mali yangu."

"Acha utani, wifi. Anakufa."

"Si utani. Mimi plastiki hainitoshi. Kuna lori inapeleka nguzo zangu Awendo, huko kwenu Migori, kila Jumatano, inarudi empty. Hiyo lori inaweza fika kwenu. Nilishaongea na kamati yenu ya mji. Wakaniambia taka ya Kirumwa haiwezi vuka kuingia kaunti ingine bila ruhusa yao. Na ruhusa hawatoi."

"Kwa nini?"

"Hawakusema ni kwa nini. Walinipa chai tu. Na hata wakitoa, mimi sichukui ikiwa imechanganywa na majivu na pampasi. Itengwe sokoni, iwekwe mahali pakavu. Banda tu, wifi. Banda na ruhusa. Waambie."

Helen alikuwa ameshawaambia. Kila mwaka kamati iliita wananchi kwenye ukumbi kutoa maoni kuhusu mipango ya mji, na miaka miwili mfululizo alisimama akazungumzia uwanja wa chini. Mara zote mbili mwenyekiti, Mzee Bichage, alisema maoni yamepokelewa. Kisha watu wakanywa chai.

Mkutano wa mwaka huo ulikuwa Alhamisi. Asubuhi hiyo Helen alimkuta mumewe ameshaamka, amejaza karai maji ya uvuguvugu, anamwosha Madam kwa sabuni ya unga. Alikuwa amekunja suruali hadi magotini. Alisugua ubavu wa kushoto, akarudi nyuma akaangalia, akasugua tena.

"Matope ilikuwa inaficha huku chini," alisema. "Wanafaa waone yote."

Wakatembea hadi ukumbini wote watatu, wao wawili na Madam, polepole, kwa mwendo wake.

Askari wa mlangoni aliuliza kama ng'ombe ni mkazi wa Kirumwa. Helen akasema alizaliwa hapo. Askari akafungua mlango wa pili ili apite bila kukwaruza pembe. Ndani, Mzee Bichage alikuwa akisoma ajenda. Aliinua macho, akamwangalia Madam, akamwangalia Helen.

"Asimame pale karibu na dirisha, asizuie watu," alisema, akaendelea na ajenda.

Jua la dirishani lilimpita Madam na kutupa rangi ukutani: bluu, nyekundu, kijani kibichi. Watu walisikiliza habari za taa za barabarani na choo cha stendi, lakini macho yao yalikuwa kwenye tumbo. Mmoja mmoja walianza kusogeza viti. Mwenye hoteli alitambua vifuko vya maji alivyouza. Mwanamke mmoja wa kwaya aliona mfuko wa waridi wenye utepe, akamnong'oneza jirani yake kwamba ni wa zawadi za harusi ya binti yake, hata utepe ulikuwa bado umefungwa. Fundi cherehani aliona mabaki ya sare za shule. Hakuna aliyekana. Ilikuwa kama kukutana na watu unaowafahamu kwenye basi.

Ilipofika zamu ya maoni, Helen alisimama.

"Mwenyekiti, miaka mbili nimeongea hapa na hamkuona ile nasema. Sikuwalaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwa sioni. Sasa inaonekana. Sijakuja kutafuta nani alitupa nini. Hata yangu iko hapo; hiyo chupa ya mafuta ni ya jikoni kwangu. Naomba vitu viwili. Mtupe banda pale soko, tutenge plastiki, sisi wenyewe akina mama tutasimamia. Na mtoe ruhusa lori ya Homa Bay ichukue. Kuna watu huko wanaitafuta, na sisi tunalisha nayo ng'ombe."

"Mama Helen," Bichage alisema kwa upole, "hayo ni mambo ya kaunti mbili. Yana utaratibu. Tukianza kuruhusu taka ivuke, kesho tutaulizwa."

"Mtaulizwa na nani?"

Bichage alifikiri. "Mtu anaweza kuuliza," alisema.

"Mimi ndio nauliza," Gisiri akasema kutoka nyuma. Hakuwa amewahi kuzungumza mkutanoni, na sauti yake ilitoka juu kuliko alivyokusudia. "Naomba radhi, Mwenyekiti. Lakini mtu ameshauliza. Ni mimi."

Mtu akamuuliza Daktari Orina kama ng'ombe atakufa. Orina akajibu kwamba mambo yakibaki hivi, ndiyo, na kwamba ng'ombe wengine wote wa uwanja wa chini wako hivyo hivyo, tofauti ni kuwa wao bado wana rangi.

Chai ililetwa. Ilikuwa ya maziwa ya Madam, kama kila mwaka, na watu waliinywa wakimtazama. Bichage hakunywa chai kwa sababu ya presha. Aliletewa maji ya chupa. Aliyanywa yote. Kisha akakaa na ile chupa mkononi. Aliitazama meza, akatazama chini ya meza, akalitazama pipa kwenye kona, ambalo kila mtu alijua taka zake zinakoenda. Madam akacheua. Donge likapanda kooni, na ndani yake kifuniko chekundu cha chupa, likashuka.

"Karani," Bichage alisema, "hii naiweka wapi?"

Karani hakujua. Hakuna aliyejua. Mwenyekiti alikaa hivyo, na mkutano mzima ukamngoja. Mwishowe akaitia chupa kwenye mfuko wa koti lake, ikabaki imechomoza shingo.

"Banda la kinu cha zamani pale sokoni liko wazi," alisema. "Paa linavuja upande mmoja."

"Tutaziba," Helen alisema.

"Na ruhusa nitatia sahihi mimi. Wakiuliza, watanipata ofisini."

"Na uwanja wa chini, Mwenyekiti? Lori liache kumwaga pale."

"Hilo ni la bajeti ijayo," Bichage akasema, na macho yake yalionyesha kwamba angependa kusema kitu kingine. "Maoni yamepokelewa."

Orina alimpasua Madam kesho yake, kwenye kivuli chembamba cha nyumba, Gisiri ameshika kichwa. Ilikuwa kazi rahisi, kila mtu aliona kisu kinapoenda. Alitoa mifuko, kamba, vifuniko, kandambili moja, na kitambaa cha meza cha plastiki kilichokuwa kimejikunja vizuri kama kimepigwa pasi. Tumbo lilipokuwa tupu, Orina alisimamisha mikono.

"Mama Gati, njoo uone huku."

Nyuma ya mahali palipokuwa na taka, upande wa kulia, kulikuwa na ndama katika mfuko wa uzazi. Alikuwa mdogo kama paka, amejikunja, kwato zake laini kama nta. Yeye hakuwa angavu; alikuwa mwekundu kabisa, wa kawaida. Taka ilikuwa imemficha wakati wote.

Gisiri aliomba ashikiwe kichwa cha ng'ombe, akazunguka akaangalia. Halafu akakaa chini kwenye vumbi akafuta uso kwa kofia.

"Ana moyo," alisema. "Unaona kifua kinavyodunda?"

"Naona, Baba Gati."

Jumatano ya kwanza lori la Homa Bay lilifika na Valary mbele, amefunga leso kichwani, anapiga kelele tangu kwenye kona. Wanawake wa soko walikuwa wamejaza banda mpaka mlangoni. Walipakia hadi saa sita. Valary alimkumbatia Helen, akaenda kumwona Madam, akamsalimia ndama kwa Kijaluo kupitia ubavuni, na ndama akapiga teke dogo.

Lori lilipokuwa linapanda barabara kuu, lori la mji lilikuwa linateremka, limejaa pampasi, majivu, na mifuko myembamba ambayo hakuna karakana iliyoitaka. Madereva walipigiana honi na kupishana. Lile la mji likaendelea hadi uwanja wa chini, likamwaga, kama kila siku.

Helen alisubiri vumbi litulie. Kisha akachukua panga na gunia, akavuka kijito kwenda kumkatia Madam nyasi pembezoni mwa ploti za upande wa pili, mahali zilipokuwa bado safi.