Jino Ndani ya Paja

Kwa miaka thelathini na moja Mama Plasta aliunga mifupa ya wanyama ambao hakuna binadamu aliyewahi kuwaona hai, na katika miaka yote hiyo kazi ya mkono wake haikurudishwa hata mara moja. Jina hilo alipewa na wenzake wa makumbusho kwa sababu ya ule weupe uliokuwa haubanduki kwenye kucha zake, naye akalipenda. Umletee mfupa uliovunjika vipande arobaini, atakurudishia mmoja, mzima, laini, utadhani mwenyewe kauvua jana. Maringo alikuwa nayo, tena ya kutosha. Na nani asingeringa?

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye ukumbi mpya, mikono yote miwili ndani ya kabati la kioo, akilaza mfupa wa paja juu ya kitambaa cheusi. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa binti yake. Ndiyo, binti yake wa kumzaa, kitindamimba, ambaye sasa ni Daktari, mtafiti wa wanyama wa kale, na saa kumi jioni angefungua ukumbi wake wa kwanza mbele ya wageni, wengine waliotoka mbali kwa ndege. Miaka sita ameuhangaikia. Mama mtu alikuwa akihesabu saa tangu Jumatatu, kana kwamba yeye ndiye atakayehutubia.

Ukuta mzima ulichorwa daraja. Usifikirie chuma wala zege. Lilikuwa daraja la ardhi tupu, nyembamba, bahari huku na bahari huku. Zamani za zamani, kabla ya mtu yeyote kuwepo wa kuhesabu siku, mabara mawili yalitenganishwa na maji, na kila bara lilikuwa na wanyama wake wasiojuana kabisa na wa ng'ambo. Kisha sakafu ya bahari ikaanza kupanda. Polepole, jamani, polepole hata samaki hawakugundua. Milima ya moto ikatema, tope likajaa, visiwa vikashikana mikono, mpaka ikafika siku mnyama mmoja akavuka kutoka bara hadi bara bila kulowesha kwato. Nyuma yake wakaja kutoka kaskazini farasi, ngamia, na paka wakubwa wenye meno kama visu. Kutoka kusini wakaondoka wengine kwenda kaskazini, majitu ya magamba na majitu ya kucha ndefu. Wapo waliostawi ugenini. Wapo waliotoweka wasibakize hata mtoto.

Mama Plasta aliijua habari hiyo kama anavyojua njia ya kwenda nyumbani, na bado ilimsisimua mwili kila alipofikiria yule wa kwanza, miguu mikavu, akinusa majani asiyoyajua.

Juu ya kabati, kwa herufi kubwa, mchora ukuta alikuwa amemaliza kuandika maneno ya Daktari: HAWAKUKUTANA KAMWE. Maana yake ilikuwa hii. Mwenye paja hili, mnyama wa kusini mwenye tumbo pana na kimo cha kifaru, watu wote walisema alimalizwa na paka wa kaskazini. Daktari akasema hapana, ukame uliwahi kummaliza kabla daraja halijakamilika. Ushahidi? Huu hapa, mfupa wa siku za mwisho kabisa za aina yake, na hauna alama ya jino hata moja.

"Mama Plasta, jihadhari na taa hizi mpya," alisema mchora ukuta kutoka juu ya ngazi. "Zinaonyesha mpaka dhambi."

"Zako zitahitaji taa ngapi?" alimjibu, naye akacheka, akawasha taa ya pembeni.

Mwanga ukalala ubavuni mwa mfupa, na Mama Plasta akaona kiraka. Kilikuwa na upana wa kiganja, rangi yake imepauka kidogo kuliko mfupa, na ufa mwembamba umekizunguka pande zote. Hakuhitaji kuuliza ni kazi ya nani. Fundi haisahau kazi ya mkono wake mwenyewe.

Miaka ishirini na sita nyuma, mfupa ulipotoka machimboni, pale palikuwa na tundu, na kando ya tundu mfupa umetuna kama nundu. Ndani kulikuwa na kitu cheusi. Kokoto, alijiambia. Mkuu wa makumbusho wa wakati ule alikuwa amesimama mlangoni, mgeni wa heshima yu njiani, mfupa unatakiwa mara moja. Basi yeye, fundi kijana mwenye sifa zake, akakoroga plasta, akaziba tundu, akasawazisha nundu, akapaka rangi, akapigiwa makofi. Kwenye daftari la karakana, ambako kila kiraka lazima kiandikwe, hakuandika kitu. Kazi ilikuwa nzuri mno kuitwa kiraka.

Sasa Mama Plasta akaufunika mfupa kwa kitambaa, akaubeba hadi karakana kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Mezani akachukua sindano na patasi ndogo, akaanza kubandua. Plasta ikatoka vipande vipande. Nundu ikajitokeza. Kisha ncha ya sindano ikagonga kitu kigumu, laini, chenye kung'aa. Akakipuliza vumbi, akakiegemezea kioo cha kukuzia.

Lilikuwa jino. Ncha ya jino, urefu wa kidole gumba, limevunjikia ndani, na ukingo wake una vijino vidogo vidogo kama vya msumeno. Meno ya namna hiyo alikuwa ameyasafisha mamia. Yalikuwa ya paka wa kaskazini, na si ya mwingine.

Lo! Akavuta kiti, akakaa.

Tusimpambe. Jambo la kwanza alilofanya ni kukoroga plasta. Bakuli, maji, unga mweupe, mkono unajua kazi. Dakika kumi tu tundu lingezibika tena, rangi ikapakwa, Daktari akang'ara jioni, na mama akastaafu mwakani na jina lake safi. Nani angejua? Lile jino limenyamaza muda ambao hata akili haiufikii, lingeshindwa kunyamaza kidogo zaidi?

Akachota plasta kwa kisu. Akakisogeza juu ya tundu. Hapo ndipo alipoiona nundu kwa mara ya kwanza maishani, maana zamani aliiangalia tu kama kitu cha kusawazishwa. Mfupa ulikuwa umelikumbatia jino. Ulikuwa umeota upya, tabaka juu ya tabaka, ukalizunguka. Na mfupa uliokufa hauoti.

Akarudisha kisu bakulini; hapana, akakiweka mezani kabisa, akaisubiri plasta igande, ikaganda.

Daktari aliingia kwa kasi, nguo ya sherehe mwilini, ndara za kazini miguuni. "Mama, kabati liko tupu. Paja liko wapi?"

"Funga mlango, mwanangu."

"Sina muda wa kufunga milango."

"Funga."

Akafunga. Akaona patasi, akaona vipande vya plasta, akaona tundu. Hakuwa mjinga, na uso wake ukabadilika kabla hajaambiwa lolote.

"Nani aliziba?"

"Mimi."

"Daftarini hakuna."

"Najua."

"Daftari lile nimelisoma ukurasa kwa ukurasa, mama! Nilisimama mbele ya jopo, wakaniuliza nina uhakika gani kwamba mfupa huu hauna kilichofichwa. Unajua nilijibu nini? Nilisema fundi aliyeusafisha namwamini kuliko macho yangu." Sauti ikamkatika. "Mbele ya watu, mama."

Mama Plasta akamsogezea tu kioo cha kukuzia.

Daktari alitaka kukisukuma. Kisha akainama. Akakaa ameinama muda mrefu, mpaka mama akaanza kuogopa. Alipoinua kichwa, machozi yalikuwa yanatiririka na hakujali kuyafuta.

"Walikutana," alisema. "Mama, walikutana. Na alipona!"

"Alipona, mwanangu."

"Miaka sita nimeandika kwamba hawakuwahi kuonana." Akacheka, kicheko cha mtu aliyechanganyikiwa. "Sijui kama nimekusamehe. Leta hilo paja."

Saa kumi, rangi nyeupe iliyofuta yale maneno ukutani ilikuwa bado mbichi, na mchora ukuta alikuwa amesimama mbele yake akiwazuia watu wasiegemee. Daktari alihutubia kwa ufupi. Alisema alikosea, akaeleza alivyokosea, akawaonyesha jino. Mama yake hakumtaja. Mama Plasta alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, tayari kuondoka zake.

Mgeni mmoja mwenye miwani akauliza, "Lakini jino kubwa hivi, lilikosaje kuonekana miaka yote?"

Daktari akapangusa kioo cha kabati. Akaangalia chini. Angeweza kumtaja fundi, lakini hakumtaja, na Mama Plasta akaelewa kwamba mtoto wake anamsitiri.

"Niliziba mimi," alisema kutoka nyuma. Watu wakageuka. Akapiga moyo konde, akapita katikati yao hadi kwenye kabati, huku mashavu yakimwaka. "Mimi ndiye fundi. Nililiona tundu, nikalificha ili mfupa upendeze, na sikuandika. Huyu hakudanganya mtu. Mimi ndiye niliyemdanganya."

Mwenye miwani akasogea karibu na kioo. "Na aliishi muda gani baada ya kung'atwa?"

Mama Plasta akapima unene wa nundu kwa macho, kama alivyopima mifupa maisha yake yote.

"Miaka mitatu. Labda minne. Alichechemea, lakini alikula, akanywa, akatembea na jino la mgeni mwilini mwake. Huenda alizaa."

Akageuka kuondoka, akidhani yamekwisha.

"Endelea, mama," alisema Daktari mbele ya wageni wote.

Mama Plasta akaendelea.