Thelathini Elfu na Thelathini na Moja

Mwalimu Kavata alizidisha mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu, akaongeza moja, kisha akaandika ubaoni: 30,031.

"Kesho mtaniambia," akawaambia wanafunzi wake wa jioni, katika ukumbi wa kanisa pale Kangemi. "Ni tasa au si tasa?"

Jacklyne hakungoja kesho. Alimwinamia Millicent, mke wa kaka yake. "Bibi yetu, hiyo si yako? Si mnafanana?"

Waliosikia wakacheka. Millicent alijua kwamba nambari tasa haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Alijua pia kwamba mama mkwe amekwisha kumtafutia mumewe, Were, mke wa pili, kwamba Jumapili wazee wanakuja kulizungumza, na kwamba neno walilompa yeye, kwa kuwa hajazaa, ni hilo hilo: tasa.

Kesho yake, huko Kileleshwa anakofua na kupiga pasi, mikono haikumtulia. Aligawanya nyuma ya katoni ya maziwa, akanyoosha shati, akairudia katoni. Kumi na saba, kuna baki. Kumi na tisa, kuna baki. "Bwana, kama si mimi, basi hata hii tu isiwe tasa," aliomba, na kola ikaanza kunuka moto. Akainua pasi, akatubu, akaendelea na ishirini na tatu.

Jioni Jacklyne alitangulia kusimama.

"Nimejaribu zote sita ulizozidisha, mwalimu. Kila moja inabakisha moja. Ni tasa, maneno imeisha."

"Na nyingine?"

"Za nini? Tasa hujulikana mapema."

Millicent alijikuta wima kabla hajaitwa. "Hamsini na tisa mara mia tano na tisa."

Mwalimu Kavata akazidisha polepole ubaoni. Ikatoka 30,031 kamili, bila baki.

"Basi si tasa," akasema. "Ilikuwa haijapimwa yote."

Millicent alidhani atafurahi. Badala yake hakukaa, akamgeukia wifi yake.

"Jacklyne, mimi daktari amenipima mara mbili na hakuona shida. Kaka yako amepimwa lini?"

"Bibi yetu, mambo ya nyumba unayaleta kwa hesabu?"

"Wewe ndiye uliyaleta jana."

Safari hii hakuna aliyecheka. Jacklyne alifungua daftari lake, akalifunga.

Millicent alitoka hadi mlangoni, akatoa simu, akamwandikia mumewe: *Kesho twende kliniki sote wawili. Kama hutaki, waambie wazee wasije.* Alizoea kuomba kwanza kabla ya jambo lolote, lakini alijijua: akianza kuomba ataomba mpaka aogope. Akatuma. Ndipo akafumba macho.